Ampea Saba

Kwanza honi ilipata kifaduro.
Kisha indiketa zikawa zafumba jicho
na kusahau kulifumbua.
Mwisho stata: nikibonyeza, tik, tik,
mjusi darini.

Na Malindi yetu imelala chali,
haina mteremko wa kuazima.
Abiria wangu wamenisukuma wote.
Ustadhi wa Barani, kanzu kaikunja kiunoni.
Mama wa Maweni, kuku wawili kwapani,
alipofika akasema leo nauli nimlipe yeye.
Kiki? Kiki ilivunjika siku ile ya Mambrui,
na goti langu la kulia
siku hiyo hiyo.

Bi Zuhura wa vipuri hakuniuliza nina ngapi.
Aliniuliza: "Hulala wapi?"
"Mimi?"
"Pikipiki."
Muyeye, nikasema, uani, chini ya turubai,
chumvi yote ya bahari yapita hapo.
"Na usiku wabeba nani?"
Dama, mke wangu. Namtoa zamu ya wodi ya wazazi,
saa nne, kwa taa yenye rangi ya chai ya juzi.
Akaguna kama daktari aliyekwisha kujua.

Akapanga tatu juu ya kaunta.
Ya maji, bei yake ya kirafiki mno:
umimine asidi, ungoje nusu saa,
uichaji polepole usiku kucha.
"Utangoja?"
"Nitangoja."
"Mwongo. Nyote mwasema hivyo. Mwatoka hapo mlangoni
mwaiwasha, na Ramadhani haiikuti."
Ya pili ilikuwa imetumika, imefutwa kwa mafuta ya nazi.
"Hii mjane, kapakwa wanja. Sikuuzii, nakuonyesha tu."
Ya tatu kavu, imefungwa, haiombi maji.
Nikaipakata. Uzito wa mtoto
aliyewahi kuzaliwa.

Lakini jicho langu lilikwisha panda rafuni:
ampea tisa, nene, ina kiburi.
"Na ile?"
Bi Zuhura akatoa rula ya shule,
akapima kitanda cha betri, urefu, upana, kimo,
akatazama chanya imekaa upande gani.
"Haingii. Utakata plastiki, waya hautafika, utaunga,
na kiungo kitashika moto na mke wako yuko nyuma.
Chukua saba. Ndiyo uliyozaliwa nayo."

Mita ikaisoma: kumi na mbili nukta nane.
Akaisoma na ya kwangu: kumi, na kidogo.
"Hii," akasema, "yaishi kwa aibu."

Ya zamani huipima kwa kilo, kwa ajili ya risasi yake.
Mia tatu anakupunguzia.
Akaigeuza itue kwenye mizani,
na ubavuni, chini ya unga mweupe wa kutu,
mikwaruzo ya msumari: N. 2-21.

Mkono wa Ngumbao, kaka yangu.
Alinipa funguo, akapanda ndege ya Dammam.
"Ikikuzimikia," alisema, "nipigie."
Imenizimikia. Nimepiga.
Yule dada wa kwenye simu
hunijibu kwa adabu kila mara.

Bi Zuhura alingoja, kidole kwenye mizani,
hakukisogeza.
Mia tatu nilizihitaji.
Nikamwachia.

"Shika msumari, andika. Bila tarehe sina waranti."
Nikaandika mwezi, nikaandika mwaka.
Pa jina msumari ukasita,
kisha nikaandika N.
Mimi ni Kahindi.

Iliwaka kabla kidole hakijatoka.
Nikaizima. Nikaiwasha.
Kwenye kituo cha mafuta nikaizima tena bila sababu,
mlinzi akanitazama,
nikaiwasha.

Saa nne usiku, lango la hospitali,
nimekaa gizani, injini kimya,
kwa mara ya kwanza tangu masika sichomi petroli kungojea.
Dama akatoka na viatu vya zamu mkononi.
Hakuuliza kitu.
Alivaa mkoba shingoni, akapita nyuma,
akainama,
akaanza kusukuma.